Mahindi Arobaini na Moja

Exeter, New Hampshire
22 Februari 1788

Dada Keturah,

Funga mlango wa jikoni kabla hujasoma zaidi, na kama Shemasi Stickney amekaa hapo anaota moto wako, mpe kipande cha pai aende zake.

Nimebadili mawazo. Haya, nimesema. Cheka kwanza, nitasubiri.

Ndiyo, ni mimi yule yule. Mimi niliyepanda juu ya benchi mwezi Januari nikaiita Katiba hii mpya ya muungano zizi lenye mlango mmoja na ufunguo mfukoni mwa matajiri. Mimi niliyeandika kwa mkono wangu lile agizo la mji linalomfunga mjumbe wa Wexcombe kusema "hapana", kisha nikakubali kwa kiburi niwe mjumbe mwenyewe. Nimekaa siku kumi katika baraza hili nikiwa nimebeba agizo langu kama mtu aliyebeba bunduki kanisani. Siku ya sita nilijishika natikisa kichwa kuafiki maneno ya wakili mmoja mwenye wigi chafu, mtu ambaye mwaka jana nilimwita punda gazetini.

Alisema nini? Alisema hivi: majimbo kumi na matatu, kila moja na forodha yake, kila moja likimwona jirani mwizi, na Waingereza bado wamekaa katika ngome zetu za magharibi wakitucheka. Tulipigana miaka minane, Keturah, ili tuje tudonoane kama kuku wa banda moja? Unajua maumivu ninayoyapata nikikosa jibu. Nao wanaahidi kwamba tukikubali sasa, marekebisho yatafuata, na haki zetu zitaandikwa kwa wino juu ya karatasi.

Siko peke yangu. Wapo wajumbe kadhaa waliofungwa na miji yao kama mimi, mdomoni hapana, rohoni ndiyo. Ndiyo maana leo tumeahirisha baraza hadi Juni, huko Concord, kila mtu arudi akaombe mji wake umfungue. Majimbo sita yamekwisha kukubali. Yakifika tisa, serikali mpya inasimama, tutake tusitake.

Mimi sirudi sasa. Nina kazi ya kupima ardhi kule juu, kando ya mto Connecticut, na vinamasi vya huko havipitiki mpaka viwe vimeganda. Usiseme nimekimbia.

Mdogo wako,
Jotham

*

Wexcombe
16 Machi 1788

Mdogo wangu,

Umekimbia.

Sikumwambia mtu. Lakini kufika Jumatano mji mzima ulikuwa unajua, maana yule mwenye farasi uliyempa barua alipitia baa ya Philbrook kwanza, na mihuri yako siku zote ni ya kubahatisha. Philbrook amefurahi mno. Anasema serikali mpya itatengeneza barabara na barabara italeta wanywaji. Shemasi anasema umelewa hewa ya Exeter. Anasema pia Katiba ile haimtaji Mungu hata mara moja, na mtu anayeweza kuandika kurasa nyingi hivyo bila kumtaja Mungu anaficha kitu.

Habari za nyumbani: gogo limembana Eliab mkono wa kulia. Vidole vitatu vimevunjika, na kimoja sidhani kama kitanyooka tena. Kwa hiyo karani wa mji sasa ni mimi, ingawa kitabu bado kina jina la mume wangu. Wanaume wote wanajua na hakuna anayesema neno. Wakisema, itabidi wamchague mtu mwingine anayejua kuandika vizuri, na aliyebaki ni Shemasi.

Sasa nisikilize. Cuff Dearing alikuja jana kuleta pipa la siagi alilonitengenezea. Aliliweka chini, akasimama. Unamjua akisimama.

"Mama Burbank," akasema, "nasikia Kapteni amebadili mawazo."

"Ndivyo anavyoandika."

"Amebadili juu ya kitabu kizima, au juu ya ukurasa fulani?"

Nikamwambia sijui.

"Ile ibara ya kumrudisha mtu aliyekimbia. Imetolewa?"

"Sijui, Cuff."

"Basi muulize. Usimsumbue na mengine. Hilo moja tu."

Nakuuliza. Wewe ndiye uliyemsomea ibara ile mwezi Januari, mbele ya watu wote, ukapiga meza mpaka wino ukamwagika. Ulisema mtu aliyetoroka utumwani katika jimbo moja atakamatwa popote alipo na kurudishwa kwa bwana wake, na kwamba sisi wa Wexcombe tutaitwa kushika kamba. Nusu ya waliolipitisha agizo lako walilipitisha kwa hotuba ile. Na wewe, mimi na Eliab ndio tu tunaojua kwamba Phebe, mke wa Cuff, hakuja kutoka Boston kama kitabu cha mji kinavyosema. Alikuja kutoka Maryland, kwa miguu, na mtu aliyeko huko bado anamwita mali yake. "Boston" uliitunga wewe, Eliab akaiandika.

Jibu swali la mtu.

Keturah

*

Kambi ya wapimaji, mto Connecticut
20 Mei 1788

Dada,

Barua yako imenifikia leo, imechoka kuliko mimi. Visubi vinatula hai. Macho yamenivimba, naandika kwa jicho moja, na huenda hiyo ndiyo sababu nimekawia. La. Nilikawia kwa sababu sikujua la kusema, na bado sijui.

Ibara ile haijatolewa. Haikuzungumzwa sana. Watu wetu walibishana siku nzima kama mjumbe wa bunge akae miaka miwili au mmoja.

Mwambie Cuff kwamba ibara hiyo iliwekwa kuwaridhisha watu wa kusini, na hakuna atakayepanda milima yetu katika theluji kumtafuta mwanamke mmoja. Mwambie marekebisho yatakuja. Mwambie... la, usimwambie kitu. Mtu aliyenibeba mgongoni kutoka kilima cha Bennington, na risasi imo pajani mwangu, nitamwambia mwenyewe, uso kwa uso.

Nimefikiri sana huku, dada. Mtu akikaa siku nyingi anavuta mnyororo wa kupimia anaanza kuona kila kitu ni mipaka. Ng'ambo ya mto hapa ni Vermont. Hawamo katika muungano wetu, hawamo kwa mfalme, wana katiba yao wenyewe iliyokataza utumwa, na wana jibini mbaya ajabu. Nilivuka juzi kula chakula cha mchana na mkulima mmoja mbishi kuliko mimi. Chini ya kisiwa chenye misonobari mitatu mto unapitika kwa miguu. Mwezi Juni maji hayafiki kiunoni. Nimekuwa raia wa nchi nyingine kwa saa mbili, na hakuna aliyeniuliza jina.

Sasa kazi. Mwombe Philbrook aitishe mkutano wa mji katikati ya Juni. Mimi nitatoka huku moja kwa moja hadi Concord, sitapitia nyumbani. Swali lisomwe hivi, neno kwa neno, nimelipima kama ardhi:

"Je, mjumbe wetu Jotham Pingree afunguliwe agizo la Januari, apige kura aonavyo yeye?"

Ndiyo, punje ya hindi kofiani. Hapana, harage. Kama ada yetu.

Wakinifunga, nitasema hapana, na nitasema kwa sauti. Sitawasaliti. Sauti ya mji ni sheria kwangu. Nimeyaandika maneno hayo gazetini mara kumi na moja na sitakuwa wa kwanza kuyafuta. Ila nijulishe kwa uwazi.

Jotham

*

Wexcombe
14 Juni 1788

Kwa Kapteni Jotham Pingree, mjumbe wa Wexcombe katika baraza la Concord.

Mkutano wa mji ulifanyika jana katika nyumba ya ibada, Bwana Philbrook akiwa mwenyekiti. Watu sabini walipiga kura. Mahindi arobaini na moja, maharage ishirini na tisa. Mwenyekiti alitangaza kwamba mahindi yameshinda.

Eliab Burbank
Karani wa Mji

*

Concord
18 Juni 1788

Keturah!

Nimefika asubuhi, nimeikuta karatasi ya karani ikinisubiri, na kwa robo saa nilikuwa mtu mwenye furaha kuliko wote New Hampshire. Mahindi arobaini na moja! Nimefunguliwa! Nikamnunulia ramu yule wakili mwenye wigi chafu.

Kisha nikapewa barua nyingine mbili za kutoka nyumbani.

Philbrook anaandika: "Hongera, Kapteni! Uko huru kama ndege. Mahindi arobaini na moja!"

Shemasi Stickney anaandika: "Mji umekushika, bwana. Mahindi arobaini na moja yanakwambia ubaki pale ulipowekwa. Ukithubutu kusema ndiyo, usitafute benchi lako la kanisani."

Nimezisoma mara sita. Nimezishika mbele ya mwanga. Wote wawili walikuwamo ndani ya nyumba ile! Wote wanataja idadi moja! Mmoja wao ni mwongo au mmoja wao ni mwehu, na kwa kawaida ningejua mara moja ni yupi, lakini Shemasi hajawahi kusema uongo maisha yake yote, ni kasoro aliyo nayo, na Philbrook hana akili ya kutosha kutunga.

Mahindi ya nini, Keturah?

Na ile karatasi yako (yako, usimsingizie Eliab, naujua mkono wako) haisemi swali lilikuwa nini. Kwa nini haisemi? Wewe ambaye huwezi kuandika orodha ya kufua bila kutaja rangi ya soksi?

Wanasema tutapiga kura Jumamosi. Carolina ya Kusini imekubali mwezi uliopita, ni ya nane. Unaelewa? Jimbo la tisa ni sisi. Mtu anayeleta barua hii atalisha farasi wake kwako na kurudi na jibu.

Jotham

*

Wexcombe
19 Juni 1788

Mdogo wangu,

Kaa chini.

Swali lako lilisomwa neno kwa neno. Kofia ya Philbrook ikaanza kupita kuanzia mabenchi ya mbele, kama ilivyo desturi, wakubwa kwanza. Ilipomaliza safu za mbele, watu thelathini, Philbrook akaimwaga mezani mbele yangu, mahindi huku, maharage huku. Hapo Shemasi akasimama.

"Bwana mwenyekiti, hili swali limekaa kichwa chini. Agizo tayari lipo. Halihitaji ruhusa yetu kuwapo. La kuuliza ni kama mjumbe abaki nalo."

"Ni kitu kile kile, Shemasi," Philbrook akasema.

"Kama ni kitu kile kile, uliza la kwangu."

Kulikuwa na joto, Jotham. Madirisha yamefungwa kwa ajili ya visubi, na Philbrook alikuwa anataka kurudi baa. Akafuta jasho akasema, "Sawa, sawa, liwe hivyo. Abaki na agizo: ndiyo mahindi, hapana harage. Endeleeni."

Na kofia ikaendelea. Haikurudi mbele. Waliobaki, watu arobaini, wakapiga kura kwa swali la Shemasi, na mbegu zao zikamwagwa juu ya mafungu yale yale. Kisha zikahesabiwa pamoja.

Sasa unaona. Hindi la mbele lilisema "afunguliwe". Hindi la nyuma lilisema "abaki amefungwa". Philbrook akatangaza mahindi yameshinda, na nyumba nzima ikapiga kelele za furaha. Nzima! Watu wa Philbrook na watu wa Shemasi walipeana mikono mlangoni, kila mmoja akisifu ustaarabu wa mwenzake katika kushindwa. Sijawahi kuona mkutano wa mji uliokwisha kwa upendo kama ule. Ndiyo maana sikuandika swali. Ningeandika lipi?

Kuhesabu upya hakuwezekani. Mbegu ziliazimwa kwa mke wa Philbrook. Ijumaa jioni alizirudisha guniani, na Jumamosi, kama kila Jumamosi, alipika maharage na nyama ya nguruwe. Nusu ya wapiga kura wamekwisha kula kura za nusu nyingine.

Unaniuliza mji umesemaje. Mji umesema mahindi arobaini na moja. Zaidi ya hapo sijui.

Keturah

*

Concord
20 Juni 1788

Dada,

Unadanganya.

Unasema hujui! Wewe unayehesabu vifundo vya soksi wakati wa mahubiri na ukitoka unaweza kumwambia mchungaji amesema "hatimaye" mara ngapi! Yale mafungu mawili yalimwagwa mbele ya pua yako, ya watu wa mbele peke yao, kabla hayajachanganywa. Uliyahesabu. Ungewezaje kutoyahesabu? Ukijua ya mbele, kutoa tu, unajua ya nyuma, na unajua mji ulitaka nini. Unajua na umenificha. Kwa nini? Unanipima? Unamlinda nani?

Hapa nimekuwa kichekesho. Wenzangu waliofunguliwa wanatembea kifua mbele, waliofungwa wananuna kwa heshima. Mimi nikiulizwa, "Vipi, Wexcombe wamekufungua?" najibu, "Mahindi arobaini na moja," na mtu anasema "Aa!" na kwenda zake akidhani ameelewa.

Leo nimetoka nje mara nne kupiga mawe ukuta. Nimeisoma Katiba yote upya. Asubuhi ninaiona nyumba, jioni ninaiona zizi. Maandishi ni yale yale. Nimeandika hotuba mbili, moja ya kuiunga mkono na moja ya kuiua, zote nzuri sana, na sikumbuki ipi niliiandika nikiwa naamini.

Kesho wanataka kura. Sikiliza nitakavyofanya usiponijibu. Swali halali ni lile nililolituma mimi kwa maandishi. Hilo la Shemasi liliingia kwa dirisha. Kwa swali langu, hindi ni "afunguliwe". Mahindi ni mengi. Basi nimefunguliwa. Hakuna mwanasheria atakayenipinga.

Kama unajua kitu, kilete kabla ya saa sita mchana.

Jotham

*

Wexcombe
21 Juni 1788, alfajiri

Jotham,

Naandika nimesimama, farasi yuko mlangoni.

Niliyahesabu. Mbele: mahindi kumi na nane, maharage kumi na mawili. Kwa hiyo nyuma: mahindi ishirini na matatu, maharage kumi na saba. Jumlisha wanaotaka ufunguliwe, hindi la mbele na harage la nyuma. Thelathini na tano. Jumlisha wanaotaka ubaki umefungwa. Thelathini na tano.

Nilikuficha kwa sababu nakujua. Ungesema, "Mji umegawanyika sawasawa, basi mimi ndiye kura ya mwisho," na ungeipenda hotuba hiyo kupita kiasi. Nilitaka kwa mara moja uamue juu ya jambo lenyewe badala ya kuamua juu ya nani amekuruhusu.

Lakini jana jioni nilikwenda kwa Cuff. Sikuweza kukaa. Nikamuuliza alitoa nini.

"Harage," akasema. "La kumfunga Kapteni. Sikumfunga kwa ubaya."

"Ulilitoa lini, kabla Shemasi hajasimama?"

"Shemasi alisimama? Nilimwona anapunga mikono. Nilidhani ni joto."

Unajua anakokaa. Benchi la mwisho, chini ya ngazi, wanakopangiwa watu weusi na watumishi. Pale hata mahubiri hayafiki. Hakuna aliyekwenda kuwaambia swali limegeuzwa. Alishika harage lake tangu mwanzo, akalitoa zamu yake ilipofika, na harage hilo mimi nimelihesabu kuwa la kukufungua. Nikaenda kwa wale wengine watatu wa benchi lile. Mmoja anasema alitoa hindi, mmoja anasema hakumbuki, na mzee Pratt anabisha kwamba hakuwapo kabisa, ingawa nilimwona.

Lirudishe la Cuff mahali pake. Thelathini na sita kwa thelathini na nne. Umefungwa, Jotham, kwa harage moja, na ni la mtu mwenye mke wa kupoteza.

Phebe alikuwa pale wakati wote akipinda pindo la blanketi. Nilipoondoka aliniuliza kama ni kweli Vermont wana jibini mbaya. Nilikuwa nimewasomea barua yako ya Mei, ile sehemu ya mto, wacheke kidogo.

Sema hapana. Au usiseme kitu. Lakini usiseme umefunguliwa.

Keturah

*

Concord
21 Juni 1788, saa kumi jioni

Dada,

Barua yako imefika saa nane. Kura ilipigwa saa saba.

Walisoma miji mmoja mmoja. Nilikuwa safu ya pili kutoka mbele. Nilisikia kila kitu. Nilisikia kalamu ya karani ikikwaruza. Akaita, "Wexcombe!" Nikasimama, na hotuba zote mbili zilikuwa zimenitoka kichwani. Nikatazama mlango. Nikasema, "Ndiyo." Sikusema nimefunguliwa. Sikusema mahindi. Nikakaa, na jirani yangu akanipiga begani akasema, "Umefanya vyema, Kapteni," nikamuuliza, "Nimefanya nini?" akacheka sana.

Hamsini na saba kwa arobaini na saba. Jimbo la tisa. Kengele zinapigwa mpaka sasa, na watu wanabebana juujuu barabarani. Nilikuwa katikati yao, nimebebwa na mimi, wakati mtu wako alipoipenyeza barua yako mkononi mwangu. Nimeisoma nikiwa mabegani mwa watu.

Kura yangu haikuamua kitu. Ningesema hapana ingekuwa hamsini na sita kwa arobaini na nane. Nimeifanya hesabu hiyo mara nne tangu saa nane. Kila mara inatoka vilevile, na haijanisaidia.

Wamependekeza marekebisho kumi na mawili. Ni mazuri. Askari wasilazwe majumbani mwa watu, dini isiingiliwe, silaha tusinyang'anywe. Nimeyapitia yote sasa hivi, kwa kidole, kama mtu anayetafuta jina lake. Hakuna hata moja linalomgusa mtu aliyekimbia. Na hakuna aliyeleta la kumi na tatu. Ningeweza kusimama nikalileta, Keturah. Siku nne nilikuwa na mdomo na kiti. Nilikuwa nashughulika na mahindi.

Nitasafiri Jumatatu. Usimwambie Cuff. Nitaanzia kwake kabla ya kufika kwangu. Nitamwambia mwenyewe, uso kwa uso, kama nilivyosema.

Jotham

*

Ng'ambo ya mto
6 Julai 1788

Kapteni Pingree,

Kengele ya Wexcombe ilipigwa Jumapili, na haikuwa ya ibada. Tuliondoka Jumapili hiyo hiyo. Utakuwa umekwisha kuukuta mlango wangu wazi. Mapipa sita yaliyo karakanani ni ya Shemasi, yamebaki kuvishwa pete mbili za juu. Fundi yeyote ataweza. Patasi kubwa ni yako, uliniazima mwaka wa vita, nimeiacha juu ya meza.

Kisiwa cha misonobari mitatu tulikiona siku ya nne. Ulipima vizuri. Maji yalimfika mke wangu kiunoni, lakini yeye ni mfupi. Hatukuulizwa majina. Jibini ni mbaya kama ulivyosema.

Anayeandika ni Phebe. Mimi nasema, yeye anaandika. Hukujua kwamba anajua. Hatukumwambia mtu.

Mama Burbank alitusomea barua yako ya Concord kabla hatujatoka, ingawa ulimkataza. Usimgombeze. Sikuudhika nawe kwa namna ya kupiga kelele. Nilikubeba mara moja na ningekubeba tena. Lakini nina swali, na sina haraka ya jibu, maana sijui kama nitakuwa na anwani.

Mimi nilikaa benchi la nyuma, chini ya ngazi, kwa sababu ndiko mlikonipangia. Swali lilipogeuzwa sikulisikia, nikatoa kile nilichokuwa nimeshika. Wewe ulikaa mbele. Ulisikia hata kalamu. Nilipokuuliza juu ya ile ibara moja, mwezi wa Machi, ulinisikia?

Cuff Dearing
kwa mkono wa Phebe Dearing